Mzambarau Uko Wapi Kaloleni?

Mwongozo wa kuandika wapenzi wa jinsia moja katika hadithi za mashabiki

Kabla wahusika wako wawili hawajashikana mikono, jibu swali moja: watashikania wapi?

Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitalia, ziwe makao ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi. Familia zimeongezeka tangu hapo, nyumba zimebaki zile zile. Pembeni mwa kuta za mawe vimeota vyumba vya mabati, na ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole. Sasa mwandishi aliyelelewa na hadithi za Marekani anaandika: "Waliingia chumbani wakafunga mlango." Mlango upi? Chumba cha nani? Shosho amelala wapi usiku huo?

Mwongozo huu ni wako wewe unayechukua wahusika wa filamu, kitabu au kipindi unachokipenda na kuwaandikia yale ambayo mtunzi wao hakuwaandikia. Nitaziita hadithi za mashabiki, ingawa wengine husema fanfiki. Nataka wahusika wako wanaopenda watu wa jinsia yao, na wale wanaopenda wanaume na wanawake pia, wasomeke kama watu wa Ololo, yaani Kaloleni: wana kodi ya kulipa, wana mama, wana jirani, na wana mtu wanayempenda.

1. Soma mashabiki waliokutangulia

Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Jambula Tree". Wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wanakulia Nakawa, mtaa wa nyumba za wafanyakazi jijini Kampala ambao kwa asili ni ndugu wa Kaloleni. Mama Atim, jirani, anawafuma. Sanyu anapelekwa London, Anyango anabaki, na hadithi yote ni maneno ya aliyebaki kwa aliyeondoka.

Mwaka 2018 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi hiyo. Itazame kama kazi ya shabiki mwenye kibali. Anyango na Sanyu wamekuwa Kena na Ziki. Kampala imekuwa Nairobi. Baba zao wamefanywa wapinzani katika uchaguzi wa mwakilishi wadi, ili mapenzi ya watoto yawe pia hatari ya kura. Mama Atim hakubadilishwa hata jina. Amewekwa kwenye kibanda cha chakula, mahali ambapo maneno hupikwa pamoja na chapati.

Fungua daftari, chora safu mbili: kinachobaki na kinachohama. Kahiu alimbakiza jirani kwa sababu bila jicho la jirani hadithi ile haina moto. Aliuhamisha mti. Jambula ni zambarau, na chini ya mzambarau ule ndipo Anyango na Sanyu walipokutana. Katika Rafiki, Kena na Ziki wanajificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Ukijua katika hadithi uliyoipenda ni kitu gani kinachofanya kazi ya mti, unaweza kuking'oa na kukipanda kwako.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyejiandikia mwenyewe. Binyavanga Wainaina alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2011. Januari 2014 akaongeza sura aliyosema ilipotea: anafika hospitalini mama yake angali hai, anamwambia kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Halikutokea. Mama alifariki mwaka 2000, mwanawe akiwa mbali, na hakuwahi kuambiwa. Binyavanga aliandika tukio ambalo maisha yalimnyima, kisha akakiri kwamba yalimnyima. Kabla ya kuanza hadithi yako, tafuta tukio la namna hiyo: lile ambalo wahusika wako wanalidai na chanzo hakikuwapa.

2. Watafutie mzambarau wao

Chora ramani ya mtaa. Weka Jogoo Road, uwanja uliokuwa City Stadium, soko la Burma, ukumbi wa kijamii, maktaba, bomba la maji, kamba za nguo, stendi. Kando ya kila mahali andika saa, na nani anayekuwapo saa hiyo. Hapo utagundua jambo ambalo hadithi za kuagiza kutoka nje hazitakufundisha: mtaani, watu wa jinsia moja wana uhuru zaidi wa kukaribiana kuliko mvulana na msichana. Msichana akisindikizwa na mvulana hadi stendi, habari zinamfikia mama yake kabla matatu haijajaa. Wasichana wawili wakilala kitanda kimoja kwa sababu wageni wamejaa nyumbani, hakuna anayeuliza. Wanaume wawili wakibanana kwenye kiti kimoja cha matatu, au wakikumbatiana Gor Mahia inapofunga, ni mambo ya kawaida.

Kwa hiyo hatari ya wahusika wako haiko katika kuonekana pamoja. Iko katika kuonekana wakitazamana. Andika jicho, andika mkono uliochelewa. Tuseme unaendeleza Rafiki miaka kadhaa mbele, Ziki amerudi na wote wawili ni watu wazima:

*Ziki alishika ncha mbili za shuka, Kena mbili. Wakaisokota, kila mmoja upande wake, maji yakamwagika katikati. Mama wa nyumba ya tatu alipita na ndoo, akawasalimu, akajibiwa. Walisogeleana waikunje mara mbili kabla ya kuianika. Ziki alipokea ncha zote nne. Vidole vya Kena vilichelewa kuachia.*

Hakuna mlango uliofungwa hapo, na msomaji ameshika pumzi.

3. Tumia Kiswahili kinavyojua kuficha

Mwandishi wa Kiingereza akitaja mpenzi wa mhusika, neno la pili tu limeshafichua kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kina "yeye", kina "a-", basi. Mhusika anaweza kumwambia mama yake ukweli mtupu kwa dakika nzima na bado awe hajamwambia. Watu wengi wameishi ndani ya kiambishi hicho. Mfano, jikoni Kaloleni, kijana wa miaka ishirini na nane na mama yake:

*"Kuna mtu, Mama."*

*"Wa huku huku?"*

*"Anakaa Jericho."*

*"Ana kazi?"*

*"Ni fundi. Anatengeneza redio na televisheni."*

*"Ana heshima?"*

*"Anakusalimia kila Jumapili baada ya ibada. Hujui tu kwamba ndiye."*

*Mama akafunika sufuria. "Nyathina, mwanangu. Huyu mtu ana jina?"*

Swali la mwisho ndilo mlango. Usilijibu haraka. Mwache kijana aangalie sufuria.

Kiswahili kinachoficha kwa nafsi, kinafichua kwa kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Shangazi akimuuliza msichana wako "utaolewa lini?", tayari amempangia upande. Wahusika wawili wanawake wakianza kuota maisha ya pamoja, neno lao ni lipi? Kuna "kuoana", na mhusika anayelitamka kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, amekufanyia kazi ya kurasa mbili.

Jina la Rafiki lenyewe limetoka katika mficho huo. Kahiu ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja, wakitaka kumtambulisha mwenzao, mara nyingi hulazimika kusema ni rafiki tu. Lipe neno hilo uzito tofauti kila linapotokea: mbele ya mchungaji, mbele ya dada, na gizani wakiwa wawili.

4. Pima kila jina kabla ya kumtwika mtu

Neno "shoga" lina historia ya ajabu. Pwani, mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenzake aliye rafiki yake wa karibu, na nyimbo za taarabu zimejaa mashoga wa namna hiyo. Bara, neno hilo limegeuzwa jiwe la kumrushia mwanamume. Mhusika wako akiwa na bibi wa Mombasa na marafiki wa Jogoo Road, atalisikia kwa masikio mawili. Huo ni utajiri, utumie. Maneno kama "msenge", "hanithi" na "msagaji" ni ya matusi midomoni mwa wengi. Yanaweza kutamkwa na mhusika anayetukana, lakini sauti yako ya usimulizi isiyaazime. Uganda, jamii ya wapenzi wa jinsia moja yenyewe ilijichagulia "kuchu". Swali la kujiuliza kila mara ni hili: nani anasema, kwa nani, na anayeitwa anageuka au anaendelea kutembea?

Tahadhari moja ya tafsiri. Wengine huandika "mwenye jinsia mbili" wakimaanisha anayevutiwa na wanaume na wanawake. Msomaji wa Kiswahili ataelewa huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile ya pande zote, na hilo ni jambo jingine kabisa. Sema tu: anapenda wanaume na wanawake. Au usiseme, mwonyeshe akipenda.

5. Usiwaagize wahusika kutoka nje

Uandishi huu wa mashabiki kuhusu mapenzi ya jinsia moja ulishika kasi katika miaka ya 1970 miongoni mwa wapenzi wa kipindi cha Star Trek, waliowafanya Kirk na Spock wapenzi na kuandika majina yao yakitenganishwa na mkwaju. Wengi wa waandishi hao walikuwa wanawake waliowaandikia wanawake wenzao. Waliacha urithi mkubwa, na mazoea yake pia. Moja ni kumfanya mmoja "mwanamume" na mwingine "mwanamke" wa nyumba. Mapenzi ya watu wawili wa Kaloleni hayahitaji nani avae kanga. Jiulize mambo ya kweli: nani huamka kwanza kuwahi kazi, nani ana deni, nani humtumia mama yake pesa za mwezi.

Zoea jingine ni la kwetu: kijana mlegevu wa vichekesho, anayeingia, anachekwa, anatoka. Wapo wanaume wenye madaha, na wana haki ya kuandikwa; kosa ni kuwaandika kwa ajili ya kicheko pekee. Rafiki ina kijana ambaye mtaa unamtukana na kumpiga, na ambaye anasema machache sana. Kuna wakati yeye na Kena wanakaa pamoja kimya. Kama ningekuwa shabiki anayetafuta hadithi ya kuandika, ningeacha wasichana wote wawili na kumfuata huyu hadi nyumbani kwake. Wahusika wa pembeni ndio ardhi isiyolimwa.

6. Anayependa pande zote mbili asiwe kigeugeu

Huyu ndiye anayeharibiwa zaidi na waandishi wenye nia njema. Kuna njia tatu za kumharibu.

Kwanza, unamfanya mwenye tamaa, asiyetosheka, tishio kwa kila ndoa. Mtu anayeweza kupenda samaki na nyama hali vyote viwili kila mlo. Uaminifu wake ni suala la tabia yake, kama kwa mtu yeyote.

Pili, unaligeuza penzi lake la kwanza kuwa uongo. Unataka kumpeleka mhusika wako, tumwite Oti, kwa mwanamume, basi msichana aliyekuwa naye miaka minne unamfanya mchawi, au unamuua kwa ajali ya boda ukurasa wa pili. Mwache aishi. Mwache awe mtu aliyependwa kweli, waachane kwa sababu ya kweli, na siku moja wakutane soko la Muthurwa wakinunua viatu, wacheke. Maumivu ya penzi lililokwisha ni mazito kuliko ya penzi lililokuwa bandia.

Tatu, unadhani mpenzi wa sasa anafuta yaliyopita. Tuseme Ziki wako alimpenda mwanamume huko alikokuwa. Wasomaji watapaza sauti: basi na Kena ilikuwa utoto tu! Usimpe Ziki hotuba ya kujitetea. Mpe jioni moja ambayo anamtaja mwanamume huyo bila aibu, alivyopika vibaya, alivyoimba, na Kena anajikuta akikwaruza meza kwa ukucha. Huo ni wivu wa kawaida, wa mpenzi yeyote. Kipimo ni hiki: mhusika akiwa peke yake, bila mpenzi wa upande wowote, je, msomaji bado anamjua?

7. Jirani naye ni mtu

Ukumbi wa Kaloleni uliwahi kupewa jina la Bunge, kwa jinsi siasa za kudai uhuru zilivyojadiliwa pale. Mtaa wenye historia hiyo hauwezi kuwa na maoni mamoja. Usiwapange majirani wote mstari mmoja na mawe mikononi. Mmoja atapiga kelele. Mmoja atahubiri. Mmoja, na huyu ndiye wa kawaida kuliko wote, anajua siku nyingi na hasemi. Anachofanya ni kukohoa kwa nguvu anapopita dirishani ili wenyewe wajue mtu anakuja. Mwandike huyo. Na Mama Atim umpe sababu: binti yake ana umri wa Kena, biashara yake inategemea midomo, na amewahi kuona mtaa unavyomfanya mtu aliyesemwa.

Sheria nayo itaingia, lakini iingie kwa miguu ya mtaa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja lilikuwa na haki ya kusajiliwa. Wahusika wako hawatazungumza kwa namba za vifungu. Watazungumza kuhusu mwenye nyumba aliyeanza kudai kodi mara mbili "kwa sababu unajua mwenyewe", au mtu mwenye picha kwenye simu anayetaka atumiwe M-Pesa. Ukitaja sheria, itaje kupitia anayeitumia kujinufaisha.

8. Mipaka minne

Usimwandike mtu aliye hai. Mchezaji wa timu unayoishabikia, msanii wa muziki wa genge, mtangazaji: kuwapachika katika mapenzi ya jinsia moja kwaweza kuwa mchezo katika nchi nyingine. Hapa uvumi unavunja kazi, nyumba na mifupa. Tumia wahusika wa kubuni pekee.

Usiwaandike watoto katika mambo ya kitandani. Vipindi vingi na vitabu tunavyovipenda ni vya shule, na wahusika wake ni wanafunzi. Wanafunzi wabaki na moyo unaodunda na barua isiyotumwa. Ukitaka zaidi ya hapo, anza na wahusika waliokuwa watu wazima tangu mwanzo.

Usiuze. Kahiu alikuwa na ruhusa ya kutumia hadithi ya Arac de Nyeko. Wewe huna ya Kahiu. Taja chanzo juu kabisa, na toa bure.

Linda jina lako. Chagua jina la kalamu ambalo halifanani na la simu yako, na usiazime siri ya rafiki yako ukabadilisha jina tu. Akijitambua yeye, na mtaa utamtambua.

9. Mwisho una siasa yake

Rafiki ilipigwa marufuku nchini Aprili 2018, wiki chache kabla ya kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes. Kahiu amesimulia kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi. Kisha marufuku yakarejea.

Fikiria hilo unapotaka kumuua mhusika wako ukurasa wa mwisho. Kifo, wazimu na majuto ndiyo miisho iliyokubalika siku zote kwa wapenzi wa jinsia moja. Hakuna aliyeombwa kuibadilisha. Siagizi kila hadithi iishe kwa harusi. Harusi ya ghafla Kaloleni, vigelegele na mchungaji akibariki, ni uongo wa upande wa pili. Nakuomba tu umwachie mhusika wako kesho yenye kazi ya kufanya.

10. Kabla ya kusambaza

Soma hadithi kwa sauti. Kila pale ambapo wahusika wawili wako peke yao, weka alama na ujiulize kama ramani yako inakubali. Pigia mstari kila neno la kumtaja mtu kwa mapenzi yake na uone ni nani anayelitamka. Futa mapenzi yote kwa muda: je, mhusika bado ana kazi, hofu, mzaha, chakula anachokichukia? Kama una rafiki anayeishi maisha haya na anayekubali, mpe asome kwanza, na asipocheka unapotarajia acheke, usimweleze mzaha wako. Ubadilishe.

Kisha rudi jikoni tulikomwacha yule kijana. Mama ameuliza jina. Unaweza kumtoa mbio, unaweza kumpigisha magoti, unaweza kumfanya mama azimie. Mimi ningeandika hivi:

*Alilitaja jina. Lilikuwa jina la mwanamume, na halikuwa na mahali pa kujificha.*

*Mama alifunua sufuria, akakoroga ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye mabati.*

*"Jumapili," akasema bila kugeuka, "mwambie asinisalimie kwa mbali. Na aje na vyombo vyake. Redio yangu imenyamaza tangu Pasaka."*